Tumbo la Aliye Hai

Zamani katika bonde la Kyela, ndani ya tumbo la mtu palionekana mara moja tu, naye mwenyewe akiwa ameshakufa. Kifo kikiwa na mashaka, maiti ilipasuliwa kabla ya kuzikwa, watu wakachungulia. Haukuwa ukatili. Walikuwa na swali, tena swali zito: ndugu yetu huyu kauawa na nini, na je, kilichomuua kitatufuata sisi tuliobaki? Nimefundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na katika vitabu vya shule sijapata kukutana na habari hii, ingawa iliandikwa na watu waliokuja kukaa kwetu wakauliza na kujibiwa.

Watu hao ni Godfrey Wilson na mkewe Monica. Godfrey alifika Unyakyusa mwaka 1934. Monica, mzaliwa wa Lovedale, Afrika Kusini, alimfuata 1935 walipokwisha kuoana, wakakaa hadi 1938. Mengi waliyoyajua waliyajua kwa sababu walikuwa na Wanyakyusa wenzao wa kazi, mmoja wao Leonard Mwaisumo, karani wa Godfrey, mtu aliyesikia yaliyosemwa vibarazani na kuyaandika. Ningependa jina la Mwaisumo litajwe darasani pamoja na majina ya Wilson hao wawili. Godfrey alichapisha makala juu ya mazishi ya Wanyakyusa mwaka 1939, akafariki 1944 angali kijana. Monica ndiye aliyeendelea, na mwaka 1951 akatoa kitabu chake cha kwanza kikubwa juu yetu, Good Company.

Ukisoma maandishi ya Monica, utakuta kwamba uchawi kwa wazee wetu ulikuwa kitu chenye umbo. Ulikuwa chatu. Aliishi tumboni mwa mtu, alirithiwa kutoka kwa mzazi, na mwenye naye akifa na kupasuliwa, alionekana. Kilichomsukuma mchawi ni tamaa ya chakula kizuri, nyama na maziwa. Alikuja usiku, akamtafuna mtu ndani kwa ndani mpaka akafa. Yote yalitendeka ndotoni. Ukiota unakabwa koo, ukashtuka umelowa jasho, umekwisha kujua kwamba wamekuja. Na kila kijiji kilikuwa na watetezi wake, abamanga, waliowaona wachawi katika ndoto hizohizo na kupigana nao, kwa nguvu iliyosemekana kuwa ya asili ileile moja.

Sasa yasome hayo ukiwa na vidonda vya tumbo. Kidonda cha utumbo mwembamba, pale unapoanzia tu, kina tabia ya kumwamsha mtu usiku wa manane, wakati tumbo ni tupu na asidi iko kazini. Maumivu yake wenye nayo huyaeleza hivyohivyo: kitu kinatafuna. Ukila kidogo au ukinywa maziwa, hutulia kwa muda, kisha hurudi. Sisemi kwamba chatu wa Wanyakyusa alikuwa kidonda na basi; imani ile ilibeba mambo ya wivu, ya mifugo, ya urithi, ya jirani anayekula nyama peke yake. Lakini waliotunga maelezo yale walikuwa wakisikiliza matumbo yao kwa makini sana, na kwa hilo nawaheshimu.

Shida ilikuwa kwenye kuchungulia.

Bibi yangu mzaa baba aliolewa upande wa Ipinda, akiwa mke wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mke mwenzake aliugua tumbo, akatapika, akafa ndani ya muda mfupi. Wakati huo mambo ya kupasua maiti yalifanywa kwa siri, lakini yalifanywa. Shangazi yangu, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa bibi, alikuwa binti mdogo, na anakumbuka maneno yaliyotoka kwa wanaume waliorudi makaburini: tumbo lilikuwa limetobolewa. Lilikuwa limeoza upande mmoja, jeusi, na tundu limeingia. Nani angemtafuna mke wa kwanza kama si wa pili? Hakuna aliyempiga bibi wala kumtukana. Kwetu aliyenong'onwa alihama. Bibi alihama na watoto wake, wakashika njia ya Matema, wakavuka Lufilyo kwa mtumbwi, shangazi akiwa amebeba chungu cha Kikisi kichwani, kimejazwa mchele. Ardhi, migomba na mpunga uliokuwa unakaribia kuvunwa vilibaki nyuma. Babu hakuwafuata.

Mwaka 1772 huko London daktari mpasuaji John Hunter aliandika jambo ambalo natamani wale wanaume wangelijua. Aligundua kwamba tumbo la mtu aliyekufa ghafla huendelea kujimeng'enya lenyewe. Asidi ile inayoyeyusha nyama tunayokula huzuiwa na ukuta wa tumbo wakati damu inatembea. Damu ikisimama, kinga inaondoka, na asidi inaula ukuta uliokuwa unaihifadhi. Hunter alikuta matumbo yenye matundu, kingo zake zimelainika na kuyeyuka, kwa watu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa tumbo. Na joto huharakisha kazi hiyo. Kyela iko kando ya ziwa, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Novemba joto lake linajulikana. Maiti iliyolala usiku mmoja ikisubiri ndugu wa mbali inaweza kuonyesha tundu ambalo marehemu hakuwa nalo alipokuwa akipumua.

Kwa hiyo tumbo la maiti lilitoa ushahidi wa uongo, na kwa ushahidi huo familia zilivunjika. Huenda mke mwenza wa bibi alikufa kwa kidonda kilichotoboka kweli, na huenda ni kwa kitu kingine kabisa. Tumbo lile halikuwa na uwezo wa kusema ukweli tena. Hilo ndilo jambo ambalo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya nianze kuandika haya.

Kwa aliye hai palikuwa na umwafi. Mshtakiwa alinyweshwa, watu wakakaa kungoja. Akitapika, hana hatia. Usipotoka, tumbo lake limemshuhudia. Mwavi wa namna hiyo ulijulikana pande zote za ziwa na mbali zaidi, na katika nchi nyingi za ukanda huu ulitokana na gome la mti ambao wataalamu huuita Erythrophleum, lenye sumu inayoushambulia moyo. Utaona kwamba hata hapa kilichotafutwa ni kile kilichomo tumboni, na kwamba hukumu ilitolewa na tumbo lenyewe mbele ya watu.

Wageni walipokuja walikuta hali hiyo. Edward Young alifika ncha ya kaskazini ya ziwa kwa meli ya Ilala mwaka 1875, akaipa safu ya milima iliyosimama juu ya Matema jina la Livingstone. Mwaka 1891 walifika wamisionari: Wamoraviani wakajenga Rungwe, na wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza vituo vyao upande wetu. Mwaka 1893 meli ya Hermann von Wissmann iliingizwa majini, na Wajerumani wakawa na boma lao kando ya ziwa, Langenburg, kabla ya kupanda mlimani Tukuyu.

Katika boma hilo alikaa mtu mmoja ninayemfuatilia kwa shauku, daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn. Alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1896 hadi 1900, akazunguka ufuko wa Nyasa na milima ya Wakinga, akakusanya samaki, akapima watu, akapiga picha, na mwaka 1906 akatoa kitabu kinene juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Samaki mmoja wa jamii ya mbuna, anayekula mwani kwenye mawe ya ziwa letu, na ambaye leo hufugwa katika matangi ya kioo Ulaya na Marekani, ana jina lake: Labeotropheus fuelleborni. Mimi navutiwa zaidi na alichofanya baadaye huko Hamburg, katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ambayo mwishowe aliiongoza. Alichunguza njia ya minyoo wadogo mwilini. Kiluwiluwi huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, kisha humezwa na kushuka tumboni bila mwenyewe kuhisi chochote. Mtu aliyetembea peku kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela alikuwa akimeza wageni hao maisha yake yote. Daktari aliyeishi kwetu miaka ile alikuja kuijua njia ya koo hadi tumboni kuliko watu wengi wa wakati wake, lakini ujuzi huo haukurudi Langenburg.

Kilichotufikia ni sheria. Waingereza walioichukua nchi hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 walitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, wakaiandika upya 1928, na hiyo ya 1928 ndiyo mzizi wa sheria tuliyo nayo leo. Ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Ilikuwa na faida yake, na siibezi. Kuna watu waliopona kwa sababu yake. Ila ilifunga jicho la zamani bila kuleta jipya. Mtu aliendelea kufa kwa tumbo, na waliobaki hawakuwa na pa kuangalia. Wakaangalia kwa siri, kama walivyofanya Ipinda.

Jicho jipya lilikuwa linatengenezwa mbali. Mwaka 1868, Adolf Kussmaul wa Freiburg alimwita mwanasarakasi mmeza panga, akamshushia kooni bomba la chuma lililonyooka lenye urefu wa sentimita 47. Bomba lilipita, mwanga ukakosekana. Mwaka 1932 Rudolf Schindler alitengeneza bomba linalopinda kidogo upande wa chini, na miaka miwili baadaye, kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, alilazimika kuikimbia Ujerumani akaenda Chicago. Aliyelifanya jicho hilo lipinde kabisa ni Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Bethal, Afrika Kusini. Mwaka 1957, akiwa Michigan, yeye na wenzake walikusanya maelfu ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa, wakazifunga pamoja, na kabla hajamwekea mgonjwa yeyote, alikimeza chombo hicho mwenyewe. Leo nyuzi zile zimebadilishwa na kamera ndogo mithili ya punje ya mchele, lakini wazo ni lilelile.

Mimi chombo cha namna hiyo nilikimeza Mbeya. Nilikuwa na maumivu yaliyoniamsha usiku kwa muda mrefu, dawa za dukani zikawa zinatuliza na kuacha. Mdogo wangu alinisindikiza, kwa sababu hospitali haikuruhusu anayechomwa sindano ya usingizi arudi peke yake. Kutoka Kyela barabara inapanda Tukuyu, Kiwira, Isongole, inashuka Uyole, na baridi ya alfajiri ilitukuta na tumbo tupu, kwani nilikuwa nimekatazwa kula tangu usiku.

Nesi aliuliza kama nina meno ya bandia, kama nina mzio, kama nina pumu. Nikatia sahihi. Akaniambia nifungue mdomo, akanipulizia dawa kooni, chungu kama mwarobaini, na baada ya dakika chache nikawa nameza mate nisijue kama yameshuka. Nikalazwa kwa ubavu wa kushoto. Kidole kikabanwa na kifaa cha kupima hewa iliyomo kwenye damu, nacho kikawa kinalia mlio wa taratibu. Katikati ya meno nikawekewa kipande cha plastiki chenye tundu. Niliuona mpira wenyewe ukining'inia mkononi mwa daktari, mweusi, mwembamba kama kidole changu cha mwisho, una alama za sentimita zilizopigwa rangi nyeupe, na kwenye ncha yake taa kali. Nesi akasema, "Ng'ata hapa, baba, sasa naweka dawa." Haikuwa nusukaputi kamili ya chumba cha upasuaji, ilikuwa ile nyepesi, mtu anapumua mwenyewe na akiitwa anaitika. Nilihisi ubaridi ukipanda mkononi.

Baada ya hapo sina kumbukumbu. Nesi aliniambia nilikohoa na kutaka kuushika mpira, nikaambiwa nitulie, nikatulia. Dawa zile hufuta kumbukumbu za muda huo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutumika. Nililifikiria sana hilo baadaye. Bibi zangu walishtuka usiku wakikumbuka kukabwa koo ambako hakuna mtu aliyekuona. Mimi kitu kilipita kooni kweli, mbele ya mashahidi watatu, na sikukumbuka lolote, wala sikuota.

Daktari aliniita nilipopata fahamu vizuri, akanionyesha karatasi yenye picha nne za rangi. Ya kwanza ilikuwa umio, waridi, unang'aa. Ya pili na ya tatu zilikuwa kuta za tumbo, zina mikunjo na wekundu wa kuchubuka. Ya nne ilikuwa mwanzo wa utumbo mwembamba, na pale palikuwa na kidonda, chenye kitovu cheupe na kingo nyekundu, kidogo kuliko nilivyodhani kwa maumivu yale yote. Alikuwa amechukua kipande cha nyama kidogo sana kwa koleo linalopita ndani ya mpira huohuo, akakitumbukiza kwenye kipimo cha rangi. Kilikuwa cha njano. Kikageuka chekundu. "Una bakteria," akasema, "tutawaua kwa dawa za wiki mbili."

Bakteria hao waligunduliwa Perth, Australia, mwaka 1982, na Barry Marshall na Robin Warren, na Marshall mwaka 1984 aliwanywa ili kuwathibitishia waliokataa. Walipewa Tuzo ya Nobel 2005. Kwangu mimi, mwalimu wa historia, jambo kubwa zaidi lilikuja 2007, watafiti walipolinganisha bakteria hao wa mataifa mbalimbali na kukuta kwamba walitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu waliohama kama miaka 58,000 iliyopita. Hukaa tumboni, hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto ndani ya nyumba, na kwa wengi hukaa kimya maisha yote, kwa wachache wakatafuna. Wazee waliosema kuna kitu hai tumboni, cha kurithiwa, kinachotafuna usiku, hawakuwa mbali. Walikosea mahali pamoja: walidhani kimetumwa.

Na hapo ndipo kipimo hiki kinapotofautiana na vyote vilivyokitangulia kwetu. Kupasua maiti na umwafi vyote viliishia kwenye jina la mtu. Jibu lilikuwa mali ya kijiji, na lilimwangukia mwanamke kama bibi yangu. Zile picha nne nilipewa mkononi, ndani ya bahasha, na hazimtaji mtu.

Nilizipeleka Matema. Shangazi amezeeka, anaishi karibu na soko la Lyulilo ambako Wakisi hushusha vyungu siku ya Jumamosi. Wajukuu walikuwapo, na mmoja, kijana aliyesoma, aliuliza kabla sijamaliza kueleza: "Na hao bakteria, nani kakuwekea?" Shangazi alimnyamazisha kwa mkono. Alivaa miwani, akaishika picha ya nne karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. "Hiki ndicho kinachoingia tundu?" Nikamwambia ndicho, kisipotibiwa. "Na yule mama yetu mkubwa, wangemtazama hivi, wangeona?" Nikamwambia wangeona akiwa hai, na huenda asingekufa. Alirudia kwa Kinyakyusa, akilitaja jina la mama yake, kwamba wangeona.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Tangu msimu wa kupanda, ugali haushuki vizuri. Unakwama hapa, akaonyesha kifuani, mpaka asukume na chai. Chai yake naijua. Anainywa ikitoka jikoni, kama wanavyokunywa wengi huku. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na ugonjwa huo umejaa kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Wanaouchunguza wamefanya kazi Eldoret, Moshi na Blantyre, na sisi tuko katikati ya miji hiyo. Kwa kawaida hugunduliwa chakula kigumu kinapokataa kupita, na wengi hufika wamechelewa. Inawezekana si hiyo. Inawezekana ni kovu, au umio umebana kwa sababu nyingine, na mpira huohuo una njia ya kuupanua. Hayo yote hayajulikani kwa kupapasa kifua.

Wajukuu walitaka kwanza aende kwa mtu mmoja upande wa Ikombe. Shangazi alisema amekwisha kuhamishwa mara moja kwa sababu ya tumbo la mtu, na la kwake atalitazama mwenyewe. Tumekwenda hospitali ya Walutheri hapo Matema, tumepewa barua ya rufaa. Tunapanda Jumanne. Nimemweleza habari ya kutokula tangu usiku, ya dawa chungu ya kooni, ya kulala ubavu wa kushoto, na kwamba hatakumbuka. Hilo la kutokumbuka ndilo lililomtia shaka, akataka niwaombe wanionyeshe kioo wakati yeye amelala, nione kwa niaba yake. Nitawaomba. Ameniuliza pia kama picha zitakuwa nne, na kama atapewa za kwake.